Nina miaka 34 na nataka ndoa ya kudumu: je, nikubali kutafutiwa mchumba?

BintiMuheza

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa walio rika langu habari za siku. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Mwislamu, mzaliwa wa Muheza mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa tisa ninafundisha Hisabati katika shule ya sekondari wilayani Kilosa. Sijawahi kuolewa wala sina mtoto. Nataka ndoa ya kudumu, na ninalisema hilo bila kuzungukazunguka kwa sababu nimechoka kujifanya kwamba sijali.

Nilipopangiwa kazi huku nilikuwa na miaka 25 na nilidhani mambo yangejipanga yenyewe. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyoelewa tatizo langu lilipo: watu wanaonijua tangu utotoni hawawajui wanaume wa huku, na watu wanaowajua wanaume wa huku hawanijui mimi, isipokuwa kwa jina la "madamu wa Hisabati". Hakuna mtu anayezijua pande zote mbili akaweza kusimama katikati.

Mara ya kwanza nilikuwa na mwenzangu wa kazini, tukaingia katika ule uchumba sugu ambao wengi mnaujua. Kwa miaka minne, kila nilipouliza ni lini barua ingepelekwa Muheza, jibu lilikuwa kwamba anamalizia nyumba kwanza. Nyumba ilipofika kwenye bati, akaenda kuoa kwao. Mara ya pili nilijiunga na kundi la kutafutiana wachumba kwenye simu, nikamlipa ada mama aliyekuwa akiliendesha, naye akaniunganisha na mwanamume wa Dar es Salaam aliyejitambulisha kuwa ameachana na mkewe. Kwa miezi saba alinipigia kila jioni saa kumi na mbili na nusu akiwa ndani ya gari, na hadi leo nikisikia mlio ule wa taa za kukatia kona moyo hunishtuka, kwa sababu nilikuja kufahamu kwamba huo ndio ulikuwa muda wake pekee wa kuwa peke yake kabla ya kuingia nyumbani kwa mke na watoto. Mke mwenyewe ndiye aliyenipigia kunijulisha, na alizungumza nami kwa upole ambao sikuutarajia. Shilingi 600,000 nilizomkopesha yule bwana "akomboe mzigo bandarini" sikuziona tena.

Sasa shangazi yangu wa Korogwe ameniletea habari za mgane wa miaka 43, fundi umeme wa magari mwenye gereji yake pale mjini. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na binti yao wa miaka tisa analelewa na bibi yake mzaa mama huko Lushoto. Shangazi anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na nikisita ananiambia kwamba mchagua nazi hupata koroma. Mama yangu hasemi neno, ila nikipiga simu nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kubadilisha mazungumzo.

Naomba ushauri wenu. Je, kwa mwanamke mwenye kazi yake na elimu yake, kukubali kutafutiwa ni kurudi nyuma? Na kama si hivyo, mtu anachunguzwa vipi ndani ya muda wa haki, kabla sijatoa moyo wangu kwa mara ya tatu? Sitaki kuwa mke wa pili bila kujua, na sitaki tena kusubiri bati.

MzeePongwe

Marahaba, binti yangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo lako nalifahamu kwa mikono yangu. Tangu mwaka 1991 nimesimama kuwa mshenga mara 14 hapa Tanga na vitongoji vyake. Ndoa mbili kati ya hizo zimevunjika, na moja kati ya hizo mbili ninabeba sehemu ya lawama, kama nitakavyoeleza.

Kwanza nikuondolee mzigo wa aibu. Kutafutiwa si kuozeshwa. Anayeozeshwa huambiwa siku ya harusi. Anayetafutiwa huletewa habari, akazichunguza, kisha akasema ndiyo au hapana. Kwa umri wako ridhaa yako ndiyo inayoifanya ndoa iwe ndoa, kwa dini na kwa sheria ya nchi, na shangazi hata akikasirika hana uwezo wa kuitoa kwa niaba yako.

Watu wengi wanadhani kazi ya mshenga ni kubeba barua ya posa ndani ya leso nyeupe na kupunguza mahari. Hiyo ni kazi ya siku moja, na kwa kweli ndiyo iliyo nyepesi. Kazi yenyewe hufanyika wiki nyingi kabla, kwa miguu, na mhusika akiwa hajui. Mimi nikitumwa kumwulizia mtu, siendi kwake. Naenda kwa mangi anayechukua kwake unga na sabuni, naenda kwa mwenye nyumba aliyempangisha, naenda msikitini kukaa karibu na wanaokaa naye, na kama ni fundi naenda kwa vijana wake. Wala siulizi kama ni mtu mzuri, kwa maana swali hilo jibu lake siku zote ni "mzuri". Namuuliza mangi: ukimkopesha, hulipa lini? Akiniambia "tarehe tatu, bila kukumbushwa", amenipa kitu. Akicheka na kufunga daftari, amenipa kitu pia. Vijana wa gereji nawauliza kama Jumamosi hulipwa chao, kwa sababu mwanamume anayewadhulumu vijana waliomchafukia mikono kutwa nzima hawezi kuwa mwadilifu nyumbani ambako hakuna anayemwona.

Sasa hilo la lawama. Mwaka 2016 niliposa kwa niaba ya kijana wa familia ninayoiheshimu sana, mwenye kazi ya ofisi na tabia njema. Niliulizia swala zake, niliulizia ulevi, niliulizia wanawake, na kote alikuwa safi. Sikuulizia madeni, kwa kuwa niliona haya kumfuatilia mtoto wa rafiki yangu mpaka mfukoni. Mwezi wa tano baada ya harusi bibi harusi aligundua kwamba kadi ya benki ya mumewe haiko nyumbani. Ilikuwa mikononi mwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri, na mshahara ulikuwa ukitoka siku ile ile unapoingia. Ni mikopo ya aina hii ambayo leo mnaiita kausha damu. Yule binti alirudi kwao, na baba yake hakumpigia simu mkwewe. Alinipigia mimi. Nilikwenda, nikakaa barazani kwake tangu alasiri hadi magharibi, na sikuwa na neno la kujitetea.

Nimekusimulia hayo ili uone tofauti ya mshenga na yule mama wa kundi la kwenye simu. Yule alipokea ada akamaliza. Mshenga hapokei ada ya kukutanisha, lakini mambo yakiharibika mlango wake ndio unaogongwa, na kwa sababu anajua utagongwa, huuliza kwa bidii. Mweke mtu wa namna hiyo kati yako na huyo fundi, na asiwe shangazi yako, kwa kuwa shangazi ni upande wako na tayari ana haraka.

Kuhusu nazi, shangazi hajakosea, ila amesahau namna tunavyoinunua. Hakuna mwanamke wa Tanga anayetoka sokoni na nazi asiyoitikisa sikioni. Nazi iliyokomaa maji yake hulia ndani. Koroma limejaa maji hadi juu, kwa hiyo ukilitikisa halisemi kitu. Kutikisa si kuchagua kupita kiasi.

Kwa mgane kuna mahali pa kutikisia ambapo mwanamume mwingine hana: wazazi wa marehemu mkewe. Ujue kama bado huenda kwao, kama mtoto hupelekewa matumizi bila kuombwa, kama wakati wa ugonjwa wa mkewe alikuwepo. Wakwe waliofiwa na binti yao hawana sababu ya kumpamba mtu. Mama mkwe akiwa bado anamwita "mwanangu", nitampokea huyo bwana kwa uzito mkubwa kuliko barua kumi za utambulisho.

Nawe jiandae kuulizwa. Una madeni gani? Utaishi Korogwe au Kilosa, na kama uhamisho utachukua miaka miwili, nani atasafiri? Mtoto wa mwenzio utamlea? Haya yasemwe kabla ya barua. Kuhusu muda, miezi mitatu hadi sita ya kuonana, mbele ya watu wenye kuheshimika, inatosha kwa watu wazima. Na tarehe ya barua itajwe mapema, kisha muone kama inaheshimiwa.

MamaNyakato

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Ninaandika kutoka Mwanza, na mume wangu nilimpata kwenye mtandao mwaka 2014. Mwaka 2016 tukafunga ndoa na sasa tuna watoto wawili. Kwa hiyo nakubaliana na Mzee kwa mengi, lakini nisingependa usome maneno yake ukadhani kwamba shida ilikuwa simu. Shida ilikuwa kwamba kwa miezi saba yule mwanamume alibaki ndani ya simu.

Mimi nilijiwekea utaratibu ambao rafiki zangu waliuona mkali. Ndani ya wiki mbili nilitaka tuzungumze kwa video saa nitakazochagua mimi, mara nyingine saa tatu usiku, mara nyingine Jumapili mchana, kwa sababu mtu mwenye familia iliyofichwa ana saa zake na hawezi kuzivunja. Ndani ya mwezi nilitaka kuzungumza na ndugu yake mmoja wa damu. Siku ya kuonana nilikwenda na kaka yangu, na wiki iliyofuata kaka alipita kazini kwake bila taarifa, akamkuta kweli ni mtu wa stoo kama alivyosema, amevaa koti la kazi lenye jina lake. Na fedha haikupita kati yetu kwa upande wowote mpaka posa ilipopokewa. Anayekuomba fedha kabla hujawahi kukaa sebuleni kwao amekwisha kukujibu swali lako kuu.

Naomba Mzee wangu anisamehe kwa hili la pili. Jamaa nao hudanganya, na hudanganya kwa upendo. Binti wa mama yangu mdogo alitafutiwa mume na wazee wanaoheshimika, na ukoo mzima wa mwanamume ulijua kwamba ana mke kijijini ambaye hakuwahi kuachwa. Walinyamaza kwa kuamini kwamba mke mpya wa mjini "angemtuliza". Wazee waliomtafutia walikuwa wakweli, lakini waliuliza kwa watu wenye sababu ya kuficha. Ndiyo maana lile la mangi na vijana wa gereji nimelipenda sana. Muulize mtu asiyefaidika na harusi yako.

Kuhusu shangazi, mimi ningemwambia kwa heshima zote kwamba jibu la mwisho wa mwezi ni jibu la kuonana, wala halihusu ndoa. Mara nyingi hilo huwatosha.

Wakili_wa_Makulu

Naongezea upande wa sheria, kwa kuwa muulizaji ametaja hofu ya kuwa mke wa pili bila kujua, na hofu hiyo ina dawa ambayo watu wachache huitumia.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinawataka watu wanaokusudia kuoana kutoa taarifa kwa msajili au ofisa usajili wa ndoa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo hutaja majina, umri, makazi na hali ya ndoa ya kila mmoja, pamoja na kama ndoa inakusudiwa kuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Mtu yeyote anayejua kizuizi anaweza kuweka pingamizi, na mke aliyepo naye ana haki ya kupinga kwa sababu zilizotajwa na sheria. Katika maisha ya kila siku siku hizi 21 huchukuliwa kama karatasi za kujaza haraka ili ukumbi usipotee. Ninakusihi usikubali haraka hiyo. Mwanamume anayetaka ndoa ifungwe wiki ijayo, mbali na kwao, bila tangazo, huenda ana sababu njema, lakini aitaje na ithibitishwe.

Mtu akisema ameachana na mkewe, omba kuona amri ya mahakama. Kwa sheria yetu ndoa iliyofungwa hapa nchini haivunjwi na karatasi iliyoandikwa nyumbani wala na maneno ya hasira. Hata talaka ya Kiislamu inatakiwa kupita kwenye baraza la usuluhishi na kisha mahakamani. Mtu akisema amefiwa, cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kumwomba mgane cheti kunaweza kuonekana ni ukatili, kwa hiyo kazi hii apewe mshenga, na aifanye kwa staha.

Kuna jambo jingine ambalo nimelisimamia mara nyingi ofisini. Wachumba wengi huanza kuishi pamoja "kujaribu" wakati posa bado. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, hali ambayo jamii inawatambua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, isipokuwa dhana hiyo ipingwe kwa ushahidi. Mwanamke akishika dhana hiyo huingia katika kesi ndefu ya kuthibitisha maisha yake kwa mashahidi wa mtaani, wakati cheti kimoja kingemaliza yote.

Kuhusu zawadi na mali zinazotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo baadaye haikufungwa, sheria inaruhusu kudai zirudishwe pale mahakama inaporidhika kwamba zilitolewa kwa sharti la ndoa. Yale mahari yenyewe, kwa Waislamu, ni haki ya mwanamke mwenyewe. Shangazi wala mjomba hana fungu humo.

Maabara_Tanga

Sitarudia yaliyosemwa. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na ninachosikitika kukiona kila mwaka ni wachumba wanaokuja kupima wiki ya harusi, kadi zikiwa zimekwisha kugawiwa. Kipimo cha namna hiyo hakimsaidii mtu, kwa kuwa tayari hana nafasi ya kuamua. Nendeni baada ya kuona kwamba mmependana na kabla ya barua.

VVU mnavijua, ila kumbukeni kwamba wiki za mwanzo baada ya maambukizi kipimo kinaweza kisione kitu, hivyo hurudiwa baada ya miezi mitatu. Pimeni homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huambukizwa kwa kujamiiana na ina chanjo. Kisha pimeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja cha selimundu maisha yake yote akiwa mzima wa afya, bila dalili hata moja. Wabebaji ni wengi katika maeneo yetu yenye malaria, kwa sababu kinasaba hicho kikiwa kimoja humkinga mtu na malaria kali. Wabebaji wawili wakioana, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila ujauzito, kwa maana wapo wanaodhani kwamba wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hesabu haiendi hivyo, na mwalimu wa Hisabati ataielewa upesi kuliko wote.

Majibu yapokeeni pamoja, katika chumba kimoja. Namna mwenzako anavyokushika mkono au anavyouachia wakati ule ni habari ambayo maabara haiwezi kuiandika kwenye karatasi.

BintiMuheza

Ninawashukuru wote kwa moyo. Wiki tano zimepita, nami nimeona ni wajibu kurudi na habari.

Nilimwambia shangazi kwamba jibu langu la mwezi huu ni la kuonana tu, akanuna siku mbili kisha akakubali. Mshenga nimempata: ni rafiki wa marehemu baba yangu, fundi cherehani wa Muheza ambaye ana wateja hadi Korogwe. Kaka yangu naye alikwenda kwenye ile gereji na gari ya jirani iliyokuwa ikigoma kuwaka asubuhi. Huyo bwana aliikagua, akamwambia betri ni nzima, kilicholegea ni waya wake. Akaukaza kwa spana, akakataa hela. Vijana wake walisema hulipwa kila Jumamosi, isipokuwa mara mbili mwaka huu walipochelewa, na mara zote mbili aliwaambia tangu Jumatano. Mshenga wangu alilipenda jibu hilo kuliko lingekuwa kamilifu.

Tumeonana mara mbili, kwa shangazi, mlango ukiwa wazi. Si mzungumzaji sana. Nilimuuliza kuhusu madeni, akatoa simu akanionyesha marejesho ya mkopo wa mashine yaliyobaki miezi mitano, nami nikamtajia mkopo wangu wa kiwanja. Kuhusu mahali pa kuishi hatujafikia mwafaka, na sitaki kujidanganya kwamba ni jambo dogo, kwa sababu gereji haihamishiki na uhamisho wangu haumo mikononi mwangu. Mzee wangu wa Pongwe, hilo la makazi ungelishauri vipi?

MzeePongwe

Binti yangu, umefanya vizuri, na huyo fundi cherehani mfikishie salamu zangu ingawa hatufahamiani. Hilo la makazi msilimalize kwa ahadi ya mdomo. Andika barua ya kuomba uhamisho sasa, kabla ya posa, ili ijulikane iko wapi. Kisha mkubaliane idadi ya safari kwa mwezi na nani hulipa nauli ya ipi. Nimeona ndoa mbili za mbali zikidumu vizuri, na zote zilikuwa na hesabu ya namna hiyo tangu mwanzo. Je, Lushoto mmefika?

BintiMuheza

Mshenga na shangazi walipanda Lushoto Jumapili iliyopita. Bibi wa mtoto aliwapokea kwa chai ya mchaichai, akasema mkwewe hajawahi kupitisha mwezi bila kufika, na kwamba katika miezi ya mwisho ya binti yake ndiye aliyekuwa akimsuka nywele, vibaya, lakini kila wiki. Cheti cha kifo alikileta mwenyewe kabla ya kuombwa, kikiwa kimehifadhiwa ndani ya msahafu.

Hakuuliza umri wangu wala kazi yangu. Alimuuliza shangazi jambo moja tu: kama mjukuu wake ataruhusiwa kuendelea kupanda kwake likizo za Juni na Desemba. Shangazi alisema hana mamlaka ya kujibu, akanipigia, akampa bibi simu. Nilimwambia kwamba bado sijaposwa, lakini nikiingia katika nyumba hiyo likizo zote mbili ni zake, na mtoto nitamleta mimi mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mtoto hali makande yaliyotiwa nazi, huumwa tumbo, na kwamba usiku asizimiwe taa mpaka alale.

Ijumaa tunakwenda kupima.